Nafasi ya Kidole Kimoja

"Tisini na nne," alisema Mama Futi, akaiachia futi ijikunje yenyewe. "Andika."

Koplo aliandika. Walikuwa wamechuchumaa mbele ya lori la mchanga, nyuma ya kituo cha polisi, jua la saa mbili limeshaanza kuwachoma shingo. Kwenye bampa la lori kulikuwa na mchirizi wa rangi ya bluu, urefu wa kiganja cha mkono. Mchirizi huo ndio uliomweka dereva ndani kwa siku ya tatu sasa.

"Haya, pikipiki."

Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, usukani umepinda upande mmoja, taa imevunjika. Ilikuwa nyeupe kama pikipiki zote za zahanati. Kitu pekee cha bluu juu yake kilikuwa madigadi ya mbele, chuma kilichokunjwa vizuri na kulifuata tairi kwa karibu kabisa. Mama Futi alipima kutoka ardhini hadi mgongoni mwake.

"Sitini na nane."

"Labda gurudumu liliruka, afande," alisema Koplo. "Ile barabara ni ya changarawe. Inarusha."

"Irushe sentimita ishirini na sita, na mtu amekaa juu yake? Koplo, hiyo siyo pikipiki tena, hiyo ni mbuzi."

Koplo alicheka kidogo, kisha akakumbuka pikipiki ni ya nani, akaacha. Mama Futi hakucheka. Alikuwa mpelelezi wa ajali za barabarani kwa mwaka wa kumi na tisa, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, na jina hilo alibandikwa na vijana wa kituo kwa kuwa haamini neno la mtu mpaka alipime. Walidhani wanamtania. Yeye aliliitikia tu, likawa jina.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumanne asubuhi, nesi wa zahanati alianguka na pikipiki kwenye mteremko, akiwa amebeba boksi la chanjo za watoto. Kofia ngumu alivaa na kamba aliifunga, lakini usukani ulimpiga kifuani, na hospitali alifika akiwa na pumzi za kuhesabu. Aliyemfikisha ni dereva wa lori. Watu waliliona lori mlangoni, wakaona damu kwenye kiti, wakaona bluu kwenye bampa, wakajumlisha wenyewe. Kabla askari hawajafika, dereva alikuwa ameshavunjwa mkono. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu angesomewa shtaka la kuua kwa uendeshaji wa hatari, na karatasi ilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo ikisubiri sahihi ya Mama Futi tu.

Nje ya seng'enge alisimama mzee mmoja mrefu, mikono imejaa alama ndogondogo za kuungua. Ni fundi wa kuchomelea, baba wa marehemu. Alimzika binti yake jana mchana, na leo alfajiri alikuwa hapo kama alivyokuwa hapo siku zote mbili zilizopita.

"Mama," aliita. "Amekiri?"

"Shikamoo mzee. Bado."

"Mnambembeleza nini? Mimi nilimwona kwa macho yangu pale hospitali, damu ya mwanangu mpaka kwenye kola."

"Nenda nyumbani, mzee wangu. Leo nitajua, na nikijua nitakuja mwenyewe."

Mzee hakuondoka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama Futi alimwacha pale akaingia ndani.

Dereva aliletwa kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili visivyolingana. Wenzake barabarani walimwita Taratibu, kwa sababu lori lake halikujulikana kumpita mtu yeyote isipokuwa waenda kwa miguu, tena wazee. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta na jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Bluu ya kwenye bampa umeitoa wapi?" Mama Futi aliuliza hata kabla hajakaa.

"Kwenye geti la tajiri, afande. Mwezi uliopita. Breki ya mkono haikushika vizuri, lori likasogea likalibusu geti. Tajiri alinitukana mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema wakati wananipiga. Hakuna aliyekuwa anaandika."

Mama Futi alimtazama Koplo. Koplo alichukua futi bila kuambiwa, akatoka.

"Sasa nieleze tangu ulipomwona mara ya kwanza. Usiruke kitu, hata kama unaona ni upuuzi."

"Mimi nilikuwa napanda, yeye anashuka. Alikuwa mbali, afande, kama kutoka hapa hadi kule kwenye mnara wa simu. Naona vumbi lake. Hakuwa na mbio. Yule dada nilikuwa napishana naye kila wiki, hana mbio. Ghafla vumbi likawa lipo, yeye hayupo."

"Alikwepa kitu? Ng'ombe, mtoto, shimo?"

"Barabara ilikuwa nyeupe. Alikuwa anakuja, halafu hakuwepo. Ndivyo nilivyoona, siwezi kukuongezea."

"Ukafika."

"Nikafika. Amelala kando, pikipiki imemlalia miguuni. Nikataka kuisukuma mbele imtoke, ikagoma. Gurudumu la mbele halizunguki. Nikaivuta kinyumenyume kwa nguvu zangu zote, ikalia ka! ndipo ikaachia. Nikambeba."

Kalamu ya Mama Futi ilisimama. "Rudia hapo. Ililia nini?"

"Ka. Kama mtu anavunja mfupa wa kuku. Nikadhani ni mnyororo."

"Hilo la kugoma umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza habari za gurudumu, afande. Wote waliniuliza kwa nini nimemuua." Dereva aliinamisha kichwa. "Njiani alikuwa anasema. Aliniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa mbili na nusu, dada, vumilia. Akasema barafu itayeyuka, chanjo zitaharibika, wale kina mama wametoka mbali. Akauliza tena saa ngapi. Mara ya tatu hakuuliza."

Alilia bila sauti, machozi yakatoka kwenye jicho zima na lile bovu. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na huyu alikuwa ameipata yote kwa mkupuo. Mama Futi alimsogezea leso yake, na alikuwa na huruma naye waziwazi, lakini huruma haikuwa ushahidi wa kupeleka mahakamani.

Koplo alirudi baada ya nusu saa, pumzi juu. "Geti ni bluu, afande. Limebonyea. Tisini na nne na nusu."

"Hiyo nusu ni ya nini?"

"Ni mkono wangu tu, ulitikisika."

Saa tano walikuwa kwenye mteremko. Wakandarasi walikuwa wamemwaga changarawe mpya wiki iliyopita na hawakuishindilia, ikawa imelegea kama maharage kwenye gunia. Siku ya ajali Koplo alikuwa amezifunika alama za matairi kwa mabeseni mawili ya plastiki na matawi ya miiba, na kwa jambo hilo moja Mama Futi alimsamehe makosa ya mwaka mzima.

Alipiga magoti, magoti yakalalamika. Alama zilikuwa mbili, moja ndani ya nyingine. Tairi la nyuma lilikuwa limechapa vipande vya meno yake vizuri, kimoja baada ya kingine, hadi mwisho. La mbele nalo lilichapa meno, meno, meno, kisha meno yakakoma na kuanza mfereji laini kama uliochorwa na kidole kwenye unga. Mfereji ulikwenda mita mbili na sentimita kumi. Baada ya hapo kulikuwa na changarawe zilizovurugwa na doa lililokauka.

"Alikamata breki ya mbele," alisema Koplo. "Amekosea. Kwenye changarawe ukikamata ya mbele, umekwisha. Mbona iko wazi, afande, tuandike hivyo twende."

"Nesi huyu amepita hapa miaka sita. Wewe ungekamata ya mbele hapa?"

"Mimi? Hata kwa kulogwa."

"Basi usimpe marehemu ujinga ambao wewe huna. Tena tazama. Mtu akikamata breki, tairi huanza kuburuza kidogokidogo, alama inakolea polepole. Hii imeanza yote kwa mara moja. Hapa gurudumu halikukamatwa na mkono wa mtu. Limekabwa na kitu."

"Na nini?"

"Kilicholia ka. Dereva aliivutia wapi pikipiki?"

Koplo alionyesha mahali pembeni. Mama Futi alichora duara kwa ncha ya kiatu, akamwambia waanze kutafuta jiwe.

"Jiwe gani, afande?"

"Nitakuambia tukilipata."

"Tunatafuta jiwe kwenye barabara ya mawe," Koplo alisema, kama anayejisomea hukumu yake mwenyewe. Akapiga magoti hata hivyo. Walilijaza beseni la kwanza, wakalimwaga kando, wakajaza la pili. Mwendesha baiskeli mmoja alipunguza mwendo akawauliza kama wamepoteza pete. Walikuwa kwenye beseni la saba Koplo aliponyoosha mkono, na safari hii hakuwa na utani wowote mdomoni.

Lilikuwa jiwe bapa, ukubwa wa nusu yai. Upande mmoja lilikuwa na mkwaruzo mwekundu, na upande wa pili lilikuwa limepakwa weusi wa mpira.

Walirudi kituoni na kuipandisha pikipiki juu ya tofali ili gurudumu la mbele lining'inie. Usukani ulipinda, lakini shokapu na gurudumu vilikuwa vizima. Mama Futi alilala chali chini yake, tochi mdomoni, sketi ya sare imeingia vumbi. Kwa ndani, madigadi haikuwa ya bluu. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ile ya kuzuia kutu. Na kwenye wekundu huo kulikuwa na mfuo mpya unaong'aa, ulioanzia nyuma na kuishia mbele kidogo ya kilele.

"Pima nafasi kati ya tairi na chuma. Nyuma."

"Vidole viwili."

"Juu."

"Nusu kidole. Changu hakiingii."

"Mbele kabisa."

"Mbele imeinamishwa, afande. Karatasi tu ndiyo inapita."

Mama Futi aliinuka, akaliweka lile jiwe kati ya meno mawili ya tairi, upande wa nyuma, chini kidogo ya ukingo wa chuma. "Zungusha mbele. Polepole."

Koplo alizungusha. Tairi likapanda na jiwe lake, jiwe likaingia chini ya madigadi, likakwaruza, na gurudumu likasimama. Koplo aliongeza mkono wa pili. Akaongeza na kifua. Gurudumu lilikataa katakata.

"Sasa rudisha nyuma, kwa nguvu."

Jiwe lililia ka! likaanguka sakafuni kati ya viatu vyao. 

"Mlango wake mpana, wa kutokea hakuna," Mama Futi alisema. "Tairi la pikipiki huokota kokoto nyuma na kuzipandisha juu. Zikikuta nafasi inapanuka, zinatokea mbele na hakuna madhara. Hapa nafasi inabana kadiri jiwe linavyokwenda. Ingekuwa plastiki ingepasuka, akapita. Lakini hiki ni chuma cha pipa, kimeshikwa na nati sita. Hakikukubali."

Aliitazama kazi ile kwa jicho la mtu anayejua kazi. Kingo zilikuwa zimekunjwa zisimkate mtu, maungio yamesagwa hadi kidole hakisikii, na rangi ilipigwa mara tatu. Haikuwa kazi ya mtu mzembe. Alichukua simu ya mezani, akampigia fundi wa pikipiki wa zahanati.

"Tairi la mbele ni jipya. Ulilifunga lini?"

"Jumatatu jioni, afande. La zamani lilikuwa kipara kabisa, nikamwambia dada, na zile changarawe mpya utateleza, nikufungie la meno." Sauti ilianza kupungua. "Kwani nimekosea?"

"Na madigadi? Pikipiki hizi hutoka kiwandani na ile ya plastiki, ya juu, iliyojitokeza kama mdomo wa bata. Iko wapi?"

"Ile dada hakuipenda. Ilikuwa inamrushia matope mpaka kifuani, anafika kwa kina mama kama ametoka kulima. Ndipo akaletewa hii."

"Na nani?"



"Na babake, afande. Aliitengeneza mwenyewe, akaja kuifunga mwenyewe, hata spana yangu hakutaka kuitumia. Miezi mitatu sasa. Alikuwa na furaha, mzee wa watu."

Mama Futi alishusha simu. Dirishani, nje ya seng'enge, mzee alikuwa ameondoka hatimaye. Koplo alikuwa amesikia yote, kwa kuwa simu ile ilikuwa na sauti ya kutosha mtaa mzima.

"Afande," alisema. "Tuandike ajali. Jiwe limeingia, basi. Dereva anatoka, mzee hajui. Tukimwambia tutamuua."

"Kesho ripoti inasomwa mbele ya watu. 'Madigadi isiyo ya kiwandani.' Unataka alisikie hilo kutoka kwa karani, amesimama katikati ya watu?"

"Hapana."

"Basi fungua hizo nati."

Karakana ya mzee ilikuwa nyuma ya nyumba, mlango nusu umefungwa. Saa kumi za jioni jua liliingia kwa ubavu na kuangukia vipande vya chuma vilivyopangwa kwa ukubwa wake, hata misumari ilikuwa na makopo yake. Matanga yalikuwa upande wa mbele. Zilisikika sauti za wanawake na mlio wa sufuria. Mzee alikaa kwenye kibao chake peke yake. Ukutani ilining'inia madigadi ya plastiki, nyeupe, imefutwa vumbi.

"Amekiri," alisema alipomwona Mama Futi.

"Hapana, mzee wangu." Aliweka gunia juu ya meza ya kazi na kulifungua.

Mzee alisimama. Aliipitisha mikono juu ya chuma cha bluu, akatafuta mahali palipobonyea, akageuza, akatafuta tena. "Lori lilimpiga wapi?"

"Lori halikumpiga. Yule dereva alimwokota. Alimkuta ameshaanguka."

"Uongo. Sasa nani alimpiga?"

Mama Futi alikuwa ameandaa maneno njiani, na sasa aliyaona hayafai hata moja. Alitoa jiwe mfukoni, akaliweka mezani kando ya madigadi. Mzee alilitazama. Aliuona wekundu. Akaigeuza madigadi tumbo juu, akaona mfuo, akaufuata kwa ukucha tangu unapoanzia hadi unapoishia, na pale unapoishia ukucha wake ulibaki. Fundi wa miaka arobaini kazini haambiwi alama ya chuma inasema nini.

"Kidole kimoja," alisema. "Niliacha nafasi ya kidole kimoja hata pale mbele panapobana. Nilipima kwa kidole hiki."

"Ulipima kwa tairi la zamani, mzee. Lilikuwa kipara. Jumatatu amefungiwa jipya, la meno."

"Nani kamfungia? Yule fundi wa zahanati?" Sauti ilipanda, na kwa nukta moja uso wa mzee ulipata mahali pa kushika. "Mbona hakunifuata? Mbona hakuniambia? Mtu anabadilisha tairi bila kupima madigadi, huyo ni fundi au ni mwuaji?"

"Alitaka asiteleze."

Mzee alisema kwa sauti ya chini, "Na mimi nilitaka asichafuke. Alikuwa na viatu vyeupe, mama. Akirudi jioni anavisugua kwa mswaki, pale kwenye ngazi. Nikamwambia acha, mwanangu, hiyo mbele nitaiinamisha, tone moja halitakugusa."

Mama Futi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa miguu ilikuwa imemchoka na hakutaka kumtazama mzee kutoka juu.

"Ile ya ukutani," mzee aliuliza. "Angebaki nayo, angepona?"

"Sijui, mzee wangu."

"Unajua. Ungekuwa hujui ungemtuma koplo."

"Ndiyo," alisema Mama Futi. "Jiwe lingepita."

Mzee alipokea neno hilo akiwa amesimama. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikashika ukingo wa meza. Halafu aliuliza kama binti yake alisema lolote mwishoni, na Mama Futi akamweleza habari za saa, za barafu, na za kina mama waliotoka mbali. Hapo ndipo mzee alipolia, kwa sauti kubwa na mbaya, na upande wa mbele wale wanawake wakanyamaza kusikiliza.

"Yule dereva," alisema alipoweza. "Walipokuwa wanamvunja mkono nilikuwa nimesimama pale. Walinitazama mimi kwanza. Ningesema neno moja wangemwacha." Alijifuta uso kwa tambara la grisi, akajipaka weusi bila kujua. "Andika, mama. Andika kila kitu, nitatia sahihi. Kesho nitakuja mahakamani mwenyewe."

Mama Futi aliandika, akipumzisha daftari juu ya goti. Aliandika tarehe, aina ya chuma, unene wake, nafasi ya nyuma, ya juu na ya mbele. Mzee alimjibu kila swali kwa usahihi, mpaka Mama Futi alipofika kwenye moja ambalo alilazimika kuliuliza, ingawa aliogopa jibu lake.

"Umetengeneza nyingine kama hii?"

Mzee alitazama dirishani kuelekea barabarani.

"Waliiona yake wakaipenda," alisema. "Zote kipimo kilekile. Kumi na moja."

"Wenyewe wako wapi?"

"Wapo barabarani, mama. Sasa hivi wapo barabarani."

Hakungoja kuaga. Alichukua spana namba kumi na namba kumi na mbili, akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa na msiba wake na weusi usoni, akitembea kama kijana. Mama Futi alimfuata mbiombio na magoti yake mabovu, na Koplo, aliyekuwa akingoja nje, akaacha gari la polisi likiwa wazi akawafuata wote wawili.

Mtu wa kwanza walimkuta nyumba ya nne. Alikuwa muuza maziwa, mtu wa maneno mengi, keshafunga madumu yake mawili nyuma ya pikipiki na kuiwasha. Mbele yake ilianza barabara ya changarawe. Mzee alisimama mbele ya gurudumu, akaizima pikipiki mwenyewe kwa kugeuza ufunguo, akapiga magoti na kuanza kufungua.

"Mzee, pole sana na msiba," alisema muuza maziwa, amechanganyikiwa. "Nilikuwa nije kesho. Lakini... unafanya nini? Mbona unanivulia? Madigadi haina tatizo, mzee wangu. Tangu unifungie sijapata tone la matope. Kila mtu ananiuliza nimeitoa wapi."

Spana iliteleza, mzee akajikata kidole, akaendelea.

"Nimekukosea nini, fundi? Niambie basi."

Mama Futi alipiga hatua ili ajibu yeye. Mzee aliinua mkono wenye damu kumzuia, bila kugeuka.

"Hujanikosea, baba. Nimeitengeneza vibaya. Yako na ya mwanangu ni moja. Ile yake ndiyo iliyomwua, na niliifunga mimi kwa mikono hii."

Muuza maziwa alishuka, akafungua madumu akayaweka chini moja moja, kisha akachuchumaa upande wa pili wa gurudumu na kulishika kwa mikono miwili lisizunguke, ili mzee apate kufungua. Nati ya mwisho ilipotoka, mzee aliuweka ule mzigo wa chuma kando ya barabara na kubaki amepiga magoti, kwa kuwa hakuweza kuinuka. Koplo alimshika kwapa la kulia, Mama Futi la kushoto.

"Zimebaki kumi," alisema mzee. "Nishikeni hivyohivyo, twende."